Mila aliyemchagua asiyetakiwa

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya walimu wa michezo na sanaa hapa Tanga. Walioshindwa kufika wameomba niiweke yote, nami nimeiweka. Picha za ukutani nimeziacha.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ambao sijawagusa kwa hizo, habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliponipigia simu akitaka nizungumze juu ya safari ya mchezaji mmoja, nina hakika alitegemea nitakuja na Filbert Bayi. Samahani, mwenyekiti. Bayi mnamjua wote. Leo nimewaletea mwanamke wa Kirusi aliyecheza dansi juu ya barafu.

Naona mnacheka. Chekeni tu. Hapa kwetu barafu ni ile ya ukwaju kwenye kifuko, unaing'ata pembeni unaifyonza mpaka inabaki nyeupe. Sasa mzee mzima anakuja kuwaambia kuna watu wanaivalia viatu vya chuma na kucheza tango juu yake! Hata mimi nilicheka. Nilicheka mpaka siku nilipojaribu.

Nilifika Moscow Septemba 1983 kusomea uhandisi wa mitambo. Baridi ilipokaza, wenzangu wakanipeleka bustani ya Gorky. Majira hayo huwa wanamwaga maji kwenye njia za bustani, usiku yanaganda, asubuhi njia zimekuwa kioo. Unakodi viatu dirishani, unaacha kitambulisho, unaingia. Niliingia. Nikaenda hatua nne, ya tano ikaenda bila mimi. Niliangukia kiganja, na mkono ukakaa kwenye plasta wiki tano. Kabla wenzangu hawajafika, mtoto wa kike wa miaka kama sita alisimama juu yangu, akanitazama, akasema, "Mjomba, kunja magoti," akaondoka zake.

Mimi ni mtu wa chuma, kwa hiyo kilichobaki kichwani mwangu si maumivu, ni ule ubapa wa kiatu. Upana wake ni milimita 4 hivi. Lakini usidhani uko sawa kama rula. Katikati, kwa urefu wote, jiwe la kunolea limechimba mfereji, kwa hiyo kunabaki kingo mbili kali: ya ndani na ya nje. Anayejua kuteleza hasimami juu ya zote mbili. Wakati wote yuko juu ya moja, amelala upande kama mwendesha baiskeli anayekata kona. Na viatu vya wacheza dansi mkia wa chuma umefupishwa nyuma. Mnajua kwa nini? Kwa sababu miguu ya wawili inapitana karibu mno. Ukiacha mkia mrefu utamkwatua mwenzako, na mkianguka mnaanguka wote.

Msichanganye dansi na ule mchezo wa jozi ambao mwanamume anamrusha mwanamke hewani kama gunia la mkonge. Kwenye dansi humrushi mwenzako. Humnyanyui juu ya kichwa. Hamruhusiwi kuachana ovyo. Kazi yenu ni kuucheza muziki, mguu kwa mguu, pigo kwa pigo. Wazee mliowahi kuingia ukumbini enzi za walsi na rumba mnanielewa: asiyejua anaangalia madoido, anayejua anaangalia miguu.

Mlangoni kwa hosteli yetu alikaa bibi wa zamu. Alikuwa na kabati la funguo, birika la chai, na televisheni ndogo isiyo na rangi. Nusu ya Kirusi changu nilijifunza kwenye kiti kilichokuwa kando yake. Mashindano ya barafuni yakionyeshwa, hakuna aliyeruhusiwa kuomba ufunguo mpaka wimbo uishe. Na kila jozi ikimaliza, hata ipate alama gani, bibi alitikisa kichwa: "Wazuri. Lakini ungemwona Mila."

Mila ni Lyudmila Pakhomova. Alizaliwa Moscow tarehe 31 Desemba 1946.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye jambo lililonileta. Mila alianza dansi na mwanamume mwingine, Viktor Ryzhkin, na pamoja walikuwa mabingwa wa Umoja wa Kisovyeti mara tatu mfululizo, 1964 hadi 1966. Kisha wakaachana kimchezo. Binti wa miaka 19, bingwa wa nchi kubwa kama ile, hana mwenza. Ninyi mngefanyaje? Mngemtafuta mwanamume bora aliyeko, si ndiyo? Yeye akamchukua Aleksandr Gorshkov.

Gorshkov ni nani? Ndilo swali watu wa barafuni Moscow waliloulizana. Alikuwa kijana wa umri wake, mkimya, mwenye daraja la kawaida, hana taji lolote la kuonyesha. Warusi wana kisa wanachopenda kukisimulia juu ya utoto wake. Mama yake alimpeleka kuteleza akiwa mdogo, na baada ya muda walimu wakamshusha kwenye kundi la wasio na matumaini. Mama hakugombana na mtu. Alisubiri. Walimu walipobadilishwa, alimchukua mwanawe akamsimamisha kimya kimya kwenye kundi la wanaojua, kana kwamba ndipo alipokuwa siku zote. Mwalimu mpya angejuaje? Walimu wenzangu, msicheke sana. Hakuna aliyeko hapa ambaye hajawahi kufanyiwa hivyo na mzazi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii naipenda, baba yangu aliitumia kila tulipolalamika shambani. Lakini kwa Mila inanikwama kooni. Maana Mila alichagua. Alichagua, na akachagua jembe ambalo wengine walishaliegemeza ukutani.

Na mwalimu wao? Elena Tchaikovskaia, aliyekuwa bingwa wa nchi kwa wanawake wanaoteleza peke yao mwaka 1957 na baadaye akasomea utungaji wa dansi katika chuo cha sanaa za maonyesho. Mwaka 1966 alikuwa na miaka 26. Kwa hiyo ni vijana watatu, mkubwa kati yao hajafika 30, wanakwenda kupambana na dunia.

Sasa nisikilizeni hesabu hii. Mwaka 1967, mashindano ya Ulaya: wa 10. Ya dunia: wa 13. Wa kumi na tatu, jamani! Waliomcheka Mila walikuwa na haki yao. Mwaka 1968: wa 5 Ulaya, wa 6 duniani. Mwaka 1969: wa 3 Ulaya, wa 2 duniani. Mwaka 1970: wa kwanza Ulaya, wa kwanza duniani. Mwaka huo huo wakaoana.

Ukitazama filamu zao leo, na vijana mnaweza kuzitazama kwenye simu hizo hizo mnazochezea sasa hivi, jicho lote linakwenda kwa Mila. Uso, mabega, vidole, kila kitu kinasema. Hiyo ni mara ya kwanza. Itazame mara ya pili, umfuate mwanamume peke yake. Hana fujo. Mgongo umenyooka, mkono uko pale unapotakiwa sekunde moja kabla haujatakiwa. Mila anaweza kujitupa vile kwa sababu anajua nyuma yake kuna mtu. Hayo ni maoni yangu, wajuzi wa barafu watanisahihisha.

Lakini walishinda kwa kitu gani? Dansi ya barafuni iliingia kwenye mashindano ya dunia mwaka 1952, na Waingereza waliishika kama mali ya ukoo. Wenye kuwapokonya walikuwa ndugu wawili wa Chekoslovakia, Eva Romanová na Pavel Roman, mara nne, 1962 hadi 1965. Kisha Waingereza Diane Towler na Bernard Ford wakairudisha nyumbani mara nne nyingine. Na dansi yenyewe ilikuwa ya kiingereza haswa: kidevu juu, mgongo wima, tabasamu la wastani, kama mko kwenye karamu kwa gavana.

Wale vijana watatu waliona kitu. Ukimwiga Mwingereza kwa Uingereza wake utakuwa wa pili maisha yako yote. Basi wakaacha kumwiga. Wakaingiza ukumbi wa maonyesho barafuni, wakaingiza baleti, wakaingiza nyimbo na michezo ya Kirusi. Jozi ikawa inasimulia kisa, watu wanapendana, wanagombana, wanaringiana. Wapo waliosema hiyo si dansi tena. Wanangu wa kikundi cha ngoma, mnayasikia maneno hayo? Mliambiwa nini mwaka jana mlipochanganya lile baikoko na viti?

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Taji la kwanza la dunia, pale Ljubljana 1970, walilipata kwa tofauti ndogo sana mbele ya Wamarekani Judy Schwomeyer na James Sladky. Na zile zilikuwa zama za vita baridi. Mwamuzi alikuwa na kalamu mkononi na bendera kifuani, na hilo lilikuwa kweli kwa pande zote. Hata hivyo taji moja unaweza kulipata kwa bahati ya waamuzi. Wao walilipata 1970, 1971, 1972, 1973, 1974 na 1976. Mara sita.

Mmesikia mwaka unaokosekana? Nitaurudia. Kwanza nizungumzie mwaka 1972, maana ndio unaoniuma.

Mwaka huo Januari wanapoteza taji la Ulaya kwa Wajerumani wawili, Angelika na Erich Buck, kaka na dada. Februari dunia nzima inakwenda Sapporo, Japani, kwenye Olimpiki. Wenzao wa Kisovyeti wa mchezo wa jozi wanakwenda, wanarudi na dhahabu. Mila na Gorshkov, mabingwa wa dunia, hawachezi. Kwa nini? Hawakufungiwa. Hawakuumia. Dansi ya barafuni haikuwamo kwenye Olimpiki! Kamati ilikuwa haijaamua kwamba ni mchezo. Fikiria wewe ni hodari kuliko wote duniani katika jambo ambalo wenye mlango wanasema si jambo.

Nilisema Bayi sitamzungumzia, lakini niruhusuni dakika moja. Mwaka 1974 kule Christchurch alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Ilipofika Olimpiki ya Montreal 1976, nchi za Afrika zikasusia kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na Tanzania ikiwamo. Nililia, nilikuwa kijana, na sasa nasema tulifanya vizuri kususia. Lakini mkimbiaji miguu yake haisubiri siasa. Miaka minne kwa mwanamichezo ni mirefu kuliko miaka minne yako wewe na mimi.

Mila alisubiri. Akiwa anasubiri, alifanya nini? Alitunga.

Msimu wa 1974 walicheza tango lile kongwe la Uruguay, La Cumparsita. Bibi wa mlangoni alikuwa akiliimba kwa pua huku akijibana kiuno na taulo la kukaushia vikombe. Na mwaka huo huo, wakiwa Moscow, Mila, Gorshkov na Tchaikovskaia walitunga dansi nyingine ya tango, iliyoitwa Tango Romantica. Hii haikuwa ya kuwashindia taji. Ilikuwa ya kufundishia.

Nieleze. Zamani mashindano ya dansi ya barafuni yalikuwa na sehemu ya lazima. Jozi zote zinacheza dansi ile ile, kwa hatua zile zile, kwenye mchoro ule ule wa barafu. Hakuna kisa, hakuna nguo ya kushangaza itakayokuokoa. Ni kama ule mtihani wa mwandiko tuliofanya darasa la pili, sentensi moja ubaoni, watoto arobaini wanainakili, na mwalimu anapita na fimbo kutazama mkia wa herufi. Watazamaji walikuwa wanatoka kununua chai. Waamuzi ndipo walipokuwa wanakaza macho. Tango Romantica ikakubaliwa duniani kuwa mojawapo ya dansi hizo za lazima. Na ni ngumu. Waliocheza wanasema inakutaka ulale kabisa kwenye ukingo wa chuma halafu ugeuke kana kwamba hukulala.

Sasa ule mwaka unaokosekana, 1975. Taji la Ulaya walilichukua, Copenhagen. Baadaye Gorshkov akaugua mapafu, akafanyiwa upasuaji, na taji la dunia likaenda bila wao kulitetea. Mwenza aliyechaguliwa na Mila pekee yuko kitandani, na Olimpiki ya kwanza yenye dansi imebaki mwaka mmoja. Shauri la rahisi lilikuwepo. Wanaume wenye mapafu mazima hawakukosekana Moscow.

Februari 1976, Innsbruck, Austria. Dansi ya barafuni inachezwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mila ana miaka 29. Kando yake yuko Gorshkov. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya mchezo huo ni yao, na fedha ikaenda kwa vijana wa nchi yao, Irina Moiseeva na Andrei Minenkov, waliokuwa wamechukua taji la dunia mwaka ule wao hawapo. Mwezi uliofuata wakacheza mashindano ya dunia Gothenburg, wakashinda, wakavua viatu.

Mwaka 1977 akajifungua binti. Akawa mwalimu wa dansi ya barafuni. Kisha akapatwa na saratani ya damu na tezi, na akaendelea kwenda uwanjani kufundisha, miaka kadhaa, katikati ya matibabu. Hapo sina hadithi ndefu. Alifariki Moscow tarehe 17 Mei 1986, na miaka yake ilikuwa 39. Wanafunzi wake Natalia Annenko na Genrikh Sretenski walimaliza wa 4 kwenye Olimpiki ya Calgary miaka miwili baadaye, bila yeye.

Mei hiyo nilikuwapo. Ilikuwa wiki tatu tu baada ya ajali ya Chernobyl, na sisi wanafunzi wa kigeni hatukuwa na habari nyingine isipokuwa mionzi: maziwa yanyweke au yasinyweke, mvua ikupige au ujifiche. Niliingia jioni nikiwa na swali la maziwa mdomoni. Televisheni ilikuwa imezimwa. Kwenye kabati la funguo, kwenye msumari wa chumba kilichokuwa hakina mtu, bibi alikuwa ametundika picha aliyoikata gazetini. Aliikata kwa mkasi kufuata umbo lao, si pembe nne, na mkono wa Gorshkov uliokuwa umenyooshwa alikuwa ameukata kwa uangalifu kidole kwa kidole. Nikamuuliza, "Ni Mila?" Akanipa ufunguo wangu. Usiku ule hakunimiminia chai, na ilikuwa mara ya kwanza.

Na yule wa kundi la wasio na matumaini? Kuanzia 1998 hadi 2010 alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kiufundi ya dansi ya barafuni katika shirikisho la dunia, yaani meza inayosimamia kanuni za mchezo mzima. Mwaka 2010 akawa rais wa shirikisho la kuteleza barafuni la Urusi, na alishika nafasi hiyo mpaka alipofariki Novemba 2022. Sijui wale walimu wa kwanza walikuwa wapi. Natamani angalau mmoja awe alikuwa hai.

Namalizia, mwenyekiti, naona unatazama saa.

Februari 2010 ilikuwa Olimpiki ya Vancouver. Nilikuwa Dar es Salaam, na pale mtaani kulikuwa na baa yenye dishi. Jumamosi nikaenda mapema, nikamwomba kijana wa kaunta aniwekee marudio ya dansi ya barafuni. Akaniambia, "Mzee, saa hizi watu wanataka mpira." Nikamwambia mpira haujaanza. Nikanunua soda mbili na sikuwa na kiu.

Sehemu ya lazima ya Vancouver ilikuwa Tango Romantica. Na ilikuwa mara ya mwisho kwa Olimpiki kuwa na sehemu hiyo, kwa sababu mwaka huo huo wakaifuta. Jozi za kila taifa zikaingia, moja baada ya nyingine. Wakanada waliokuja kuchukua dhahabu. Wamarekani waliochukua fedha. Warusi Oksana Domnina na Maxim Shabalin, ambao kwenye sehemu hiyo walitoka wa kwanza na mwishoni wakapata shaba. Nguo tofauti, rangi tofauti, hatua zile zile. Mguu ule ule, pembe ile ile, kichwa kikigeuka pale pale.

Yule kijana alikuwa anafuta glasi. Baada ya jozi ya sita au ya saba akasogea, akaegemea kaunta. "Mzee," akasema, "hawa mbona wote wanacheza kitu kimoja?"

Nikamwambia kuna mama mmoja aliwatungia.

"Yuko wapi, ni huyo anayeonyeshwa amekaa?"

Nikamwambia huyo siye. Akatazama jozi mbili zaidi, hajafuta glasi yoyote. Kisha wateja wakaanza kuingia, akachukua rimoti, akaweka mpira.

Ahsanteni.